Ini Likiwa Hai

…na linang'aa, hilo ndilo lisilomwingia Scolastica akilini, miaka kumi na minane ameshika maini kwenye machinjio ya Kilosa na Kimamba, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya nguruwe wa sikukuu, na hakuna hata moja lililowahi kung'aa namna hii, yale yalikuwa na utelezi tu, utelezi wa kitu kilichokwisha maliza kazi yake, lakini hili lililoko kwenye skrini linang'aa, tena linapanda na kushuka, polepole, likifuata mashine inayompumulia nguruwe, wala halijui kwamba linatazamwa… "Dakika mbili," anasema Goodhope, mtu wa usingizi, kutoka kule kichwani kwa nguruwe alikokaa na saa yake na mitungi yake, na Daktari Mudathir anajibu "mm" bila kuondoa macho kwenye skrini, mikono yake imeshika vyuma viwili virefu vilivyoingia tumboni kwa vitundu visivyozidi ncha ya kidole, na Scolastica ameshika cha tatu, fimbo ya kamera, ambayo kazi yake ni moja tu, isitikisike. Dakika mbili tangu utepe ukazwe. Utepe umezungushwa kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye ini, ukikazwa ini halipati damu, daktari anakata bila kuogelea kwenye damu, lakini hauachwi umekaza zaidi ya dakika kumi na tano, ini litaharibika, kwa hiyo unalegezwa dakika tano lipumzike, kisha unakazwa tena, na hii ni mara ya pili, mara ya kwanza imepita salama, ila mara ya kwanza Scolastica alitaka ku… hapana, hilo la mara ya kwanza alisukume kando, ashike kamera.

"Katikati, Scola." Anasogeza kidogo sana, ukingo wa ini unarudi katikati ya skrini, daktari anashukuru kwa "mm" nyingine. Namba Saba, ndivyo nguruwe huyu anavyoitwa kwenye karatasi, majina daktari aliyakataza tangu siku ya kwanza, anawajua watu, lakini Odilia wa Kidodi aliyemkuza alikuwa akimwita Shemeji, na Scolastica analijua jina hilo na hajamwambia mtu. Odilia huyo huyo ndiye aliyewaharibia siku ya Namba Tano, aliambiwa asimpe mnyama kitu chochote kuanzia jioni, akaitikia ndiyo, ndiyo, halafu akaona haya, huyu anasafiri, anakwenda kwa watu, atatokaje kwangu na njaa, akampikia pumba akachanganya na vilele vya miwa na kumshindilia mpaka mnyama akalala kwa shibe, na kesho yake kamera ilipoingia hawakuona ini, waliona mfuko wa chakula umejaa skrini nzima kama godoro, daktari akakaa kwenye stuli akacheka mpaka machozi, wakaziba vitundu wakamrudisha mgonjwa wao Kidodi, na Odilia alipoelezwa kosa lake akauliza kwa uchungu wa kweli, sasa nyie mlitaka nimtoe kwangu kama mwizi? Juu ya bati nyani wanapita, wanne au watano, kwa vishindo vyao vya kudharau watu, na barabarani malori ya Zambia yanapunguza mwendo kwenye matuta, ndiyo Mikumi hii, chumba hiki nyuma ya hospitali kilikuwa karakana ya matrekta na harufu ya grisi haijatoka ukutani hata baada ya kupakwa rangi mara mbili… "Dakika nne. Jamani, tukitoka hapa mimi stendi moja kwa moja, maini rosti na ugali wa dona, tena namwambia yule mama asibanie pilipili," anasema Goodhope, na daktari anamwambia, "We kijana huna hata aibu, unamwangalia mwenzio yuko wazi hivi unawaza rosti," na Goodhope, "Hayuko wazi, mkuu, ndiyo maana tuko hapa, ana matundu manne tu."

Matundu manne tu. Kweli. Na hilo nalo linamshangaza kila mara, kwamba ndani ya mnyama huyu aliyefunikwa shuka la kijani, ambaye kwa nje ni tumbo lililojazwa hewa likavimba, kumbe mna nafasi, mna chumba, mna dari na kuta, na mwanga wa kamera ukiingia unakuta kila kitu kimekaa mahali pake kimenyamaza kinafanya kazi. Yeye hakuajiriwa kwa ajili ya kamera. Aliazimwa kutoka idara ya mifugo, mkaguzi wa nyama, miezi sita, kuwachagua nguruwe, kuwapa dawa za minyoo, kuwalisha, kuwauguza siku kumi na nne baada ya kupasuliwa na kuandika wamesimama lini na wamekula nini, kisha siku ya Namba Nne mshika kamera akaugua malaria, daktari akamwangalia mikono, akasema nionyeshe, inyooshe, haitetemeki, vaa gauni. Na haitetemeki kweli, ila ina mazoea yake, mkono wa kulia unajua kukata, kila ini uliloliona umelikata mara mbili, kati na pembeni, kutafuta minyoo kwenye mirija ya nyongo, na wa kushoto unajua kubonyeza, vidole vinne chini na gumba juu, ini zima linapita vidoleni kama mtu anayechambua mchele, na pale palipo pagumu vidole vinasimama vyenyewe kabla hata kichwa hakijaambiwa. Ng'ombe wa mabondeni hawana maini mazima, Tindiga maji yakijaa wanakunywa konokono na mayai ya minyoo humo humo, yeye anaweza kulishika ini akiwa amefumba macho akakwambia mwenye ng'ombe anachungia wapi. Hapa vidole havina kazi. Hapa ni macho tu, na macho yake, amegundua uzeeni, ni mageni kwenye ini, hayajawahi kuliona, yalikuwa yanasindikiza vidole tu.

"Dakika tano." Daktari anabana, anachoma, moshi kidogo, anabana, ule ufa kwenye ukingo wa kushoto unazidi kwenda chini, ukingo wa kushoto, pale panapofikika kirahisi, ndipo wanapoanzia kujifunza, nguruwe wote wamekatwa hapo hapo, ili siku kamati ya Dar ikiridhika kwamba wanyama wamesimama na kula, waanze na watu wenye uvimbe hapo hapo, na Mzee Ndaki, baba yake Scolastica, yuko Tindiga wakati huu, pengine amekaa nje anaangalia ndama, na uvimbe wake uko hapo hapo. Daktari alizitazama picha za altrasaundi kwenye dirisha, akazigeuza, akazitazama tena, akasema, Scola, mahali ni pazuri, mzee ana bahati ya mahali, ila asikae, hii ni hesabu ya miezi, kama hataki kutusubiri sisi aende Dar wakamfungue kwa njia ya kawaida, lakini aende. Na mzee hataki. Hataki Dar na hataki matundu. Mwezi wa pili sasa anakataa kwa upole, bila ugomvi, anamtengea mgeni kiti, anasikiliza, anasema nimesikia, na haendi. Amekwenda padri, amesikia. Amekwenda Magreti, dada wa mzee, kutoka Kimamba akilia, amesikia. Amekwenda daktari mwenyewe, mtu na heshima zake, siku ya Jumapili, akakaa kwenye kigoda akamchorea tumbo kwenye mchanga kwa kijiti, hapa tundu, hapa tundu, mzee akauliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi, akasema nimesikia, mwanangu, nakushukuru, na haendi. Kwa hiyo Scolastica amejiambia kwamba Namba Saba akipona atampeleka Tindiga kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, amshushe uani anakoroma, aseme, baba, huyu hapa, amekatwa ini na anakula. Ndiyo mpango. Ni mpango mzuri. Amewaeleza wote humu ndani na wameupenda.

Na walipomuuliza Scolastica kwamba mzee anakataa kwa nini hasa, aliwaambia ni mambo ya kuku. Jibu zuri, watu wakilisikia wanatikisa kichwa na hawaulizi tena, mambo ya kuku, wazee wa Kisukuma ndivyo walivyo. Baba yake anasoma kuku tangu yeye hajazaliwa, alifundishwa Bariadi na mjomba wake, Jumapili yuko kanisani kama watu wote na siku nyingine watu wanakuja na kuku kwenye kikapu, ndama wamepotea, mtoto haoni vizuri, tuhame au tusihame, naye mwenyewe kabla hajahamia huku na ng'ombe wake alisoma kuku watatu, wawili wakasema nenda na mmoja akanyamaza. Anamlaza, anampasua kifuani, anafungua kwa vidole gumba viwili, na hapo hazungumzi, anatazama, ini, nyongo, vidoa vidogo kwenye mfupa, anatazama kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, kwa adabu. Scolastica alikuwa na miaka saba au minane, kazi yake kushika beseni, na siku moja akauliza, baba, kabla hujalifungua, lilikuwa linafanya nini humo ndani? Mwenye kuku akacheka. Baba hakucheka. Alifikiri, akasema, "Hilo hakuna aliyeliona, mayu, ukilifungua limeshaacha." Mayu, mama, ndivyo anavyomwita tangu mtoto. Hakuna aliyeliona… na tazama sasa, hili hapa, baba, linapanda, linashuka, ukingo wake umekuwa mwembamba na mkali, na rangi inaanza ku… "Scola! Unanipeleka wapi, huko ni utumbo, rudi." "Samahani, daktari." "Unawaza nini?" "Siwazi kitu." "Dakika saba," anasema Goodhope.

Rangi inaanza kugeuka. Anajua sasa, ni utepe, lakini kujua hakusaidii, ile hudhurungi nyekundu ya kupendeza inaingia zambarau, kisha kijivu cha zambarau, inachafuka kutoka pembeni kuja katikati, na kila kitu alichofundishwa kinampigia kelele, mkaguzi gani ataliona ini la rangi hii akalipitisha, hata yule mvivu wa Kimamba anayegonga muhuri akiwa anaongea na simu angesimama hapo. Na mara ya kwanza, robo saa iliyopita, lilipochafuka hivi, mdomo wake ulifunguka chini ya barakoa na neno likafika kwenye meno. Haya, basi, alilolisukuma kando limerudi. Neno lilifika kwenye meno, na hakulichagua, mdomo una mazoea kama mikono ilivyo na mazoea, machinjioni karani amekaa pembeni na kalamu, mkaguzi anabonyeza, anakata, anatamka, linapita, linapita, linapita, linatupwa, linapita, asubuhi nzima, mwaka hadi mwaka, hakuna neno la tatu. Na alilimeza. Halafu daktari akasema naachia, akalegeza utepe, na kabla Goodhope hajamaliza kusema muda, wekundu ukarudi, si polepole, ulirudi mbio, kutoka shinani kwenda ukingoni, ini zima likawa jekundu kuliko mwanzo, na Scolastica aliyeshika maini elfu ngapi sijui alisimama na fimbo yake mkononi amepigwa na butwaa, maana katika maisha yake yote hakuna ini lililowahi kumrudia.

"Tulia hapo hapo, usihame," anasema daktari kwa sauti nyingine, sauti ya chini, na kwenye ufa panatokea tone jeusi, linakuwa kijito, linakuwa dimbwi, kumbe utepe unazuia damu inayoingia tu, mshipa wa kutokea nyuma una njia yake, na skrini inapoteza nusu ya rangi zake. Vidole vya kushoto vya Scolastica vinataka kwenda. Vinne chini na gumba juu, vinajua pa kubonyeza, vinawasha kwa hamu ya kubonyeza, na havina mlango, matundu ni manne na hakuna la vidole. Kazi yake ni kutazama. Atazame tu, bila kugusa, bila kusema, mtu mwingine aweze kuona kwa macho yake, na hajawahi kupewa kazi ngumu kama hii. Daktari Mudathir ananyonya damu, anatafuta, jasho limemtoka juu ya kitambaa cha kichwa, mtoto wa Kilosa huyu, wa familia ya zamani pale karibu na msikiti, anavaa glavu mbili mbili kwa ajili ya nguruwe, na jioni mama yake amemwekea ndoo na kopo la udongo mlangoni, haingii mpaka aoshe mikono mara saba, mara moja kwa udongo, naye anaosha bila kunung'unika, mama akihesabu kwa sauti, aliwahi kuwaambia hivyo kwa kucheka lakini alipofika kwenye mama kuhesabu hakucheka. Watu wana namna zao za kurudi nyumbani. "Nimeuona," anasema, chuma kinabana, klipu, nyingine, dimbwi linanyonywa, ufa unaonekana, mkavu. "Ahsante, Scola. Hukutikisika." "Dakika tisa na nusu," anasema Goodhope, na sauti yake haina rosti ndani yake.

Hakutikisika, hapana. Wala siku ile mikono yake haikutikisika. Baba alisema hapa chini ya mbavu pananichoma, akajilaza kwenye ngozi pale barazani, akafungua vifungo vya shati mwenyewe, na binti yake akapiga magoti akaweka mkono. Vinne na gumba. Ngozi ya mzee laini, iliyolegea, joto lake, pumzi ikaja ikasukuma ini chini likaja kugusa vidole, na pembeni kushoto vidole vikasimama. Na Scolastica Ndaki, mkaguzi wa nyama daraja la kwanza, alitamka. Hakupiga kelele. Aliongea kama anavyomwambia karani. "Linatupwa." Eeh. Hilo ndilo. Si kuku. Mwezi wa pili anawadanganya watu kwamba ni kuku. Alilisikia mwenyewe likiwa limeshatoka, akasema haraka, baba, jamani, nilikuwa nawaza kazini, usinisikie, akacheka hata, na baba yake akaketi taratibu, akafunga vifungo kuanzia cha chini kwenda cha juu, akamwangalia usoni, akasema, "Wabeja, mayu." Ahsante, mama. Ndivyo alivyosema, akaomba maji ya kunywa, wakaongea habari za mvua. Na Scolastica alilia njia nzima kurudi Kilosa, akidhani ile ahsante ilikuwa ya kumfichia aibu, au ya kumchoma, akaigeuza kila siku tangu hapo na haijakubali kukaa upande wowote.

"Dakika kumi na moja. Presha iko sawa, anaendelea vizuri huyu." Ahsante… lakini ni nani anayesema ahsante pale uani kwa baba, ngoja, ni nani, akumbuke, beseni mkononi, mwenye kuku ameketi kwenye gogo, baba ametamka, wakati mwingine ametamka jambo baya kabisa, na mwenye kuku anafanya nini, habishi, hakuna anayebisha, anainamisha kichwa anasema wabeja, hata aliyeambiwa mtoto haponi, anasema wabeja, maana kusomewa ni kusomewa, ukishasomewa unashukuru unakwenda na neno lako… Mungu wangu. Hakuwa akimfichia aibu. Hakuwa akimchoma. Alimshukuru msomaji. Alijilaza, akafunguliwa shati, akatazamwa na mtu ambaye kazi yake ni kusoma maini, aliyemfundisha kutazama ni yeye mwenyewe, akatamkiwa neno, akashukuru, akaenda nalo. Na wao wamemletea padri, na dada, na daktari na kijiti chake, na yeye sasa anataka kumletea nguruwe kwenye kirikuu, na kwa baba neno la msomaji haliondolewi na padri, wala na machozi ya Magreti, wala na nguruwe aliyeshiba. Linaondolewaje? Scolastica analijua. Alikuwepo.

Alikuwepo, miguu yake midogo iliuma siku tatu. Mwanamke wa Kimamba alikuja kuuliza habari za mumewe aliyekwenda migodini na hakuandika, kuku wake alisafiri juani kwenye baiskeli, baba akamfungua, akalikuta ini jeusi, akasema, mumeo hayupo, mwanamke akashukuru akaondoka akiwa amejifunga kanga kiunoni. Kesho yake alfajiri baba ameshika kikombe cha uji, hakijafika mdomoni, akasimamisha mkono. "Damu haikutiririka," alisema. Kuku alikuwa amekufa njiani kwa joto, mwenye kuku aliogopa kusema, na msomaji akasoma weusi wa jua akadhani ni neno. Akaweka uji chini. Mama akasema kunywa kwanza ndipo uende, akasema hakuliwi wala hakunywewi mpaka nimelirudisha neno, aliyesoma vibaya anarudi mwenyewe, kwa miguu yake, na tumbo tupu, hatumi mtu. Walitembea mchana kutwa, yeye na baba, kupitia mashamba ya mkonge yaliyokuwa yamegeuka pori, na walipofika baba hakukubali hata kiti, alisimama mlangoni akasema, "Nilisoma vibaya. Kuku wako alishakufa nilipomfungua. Habari za mumeo sizijui." Basi. Hakusema yuko hai. Alisema sizijui, na yule mwanamke alikaa chini palepale kizingitini akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, Scolastica hakuelewa siku ile mtu anafurahije kwa kuambiwa sijui.

"Dakika kumi na mbili," na ini kwenye skrini limekuwa la kutisha kabisa sasa, jeusi jeusi, la kutupwa na mbwa waangalie kando, na linapanda, na linashuka, na liko hai. Anashangaa namna alivyotulia. Anataka kulijua, hamu ileile ya mtoto wa beseni, hajawahi kuwa na hamu ya kitu chochote hivi tangu utoto, lile la baba likoje, na hapo anajikuta ameona haya, maana mpango wake mzuri wa kirikuu ulikuwa na hiyo ndani yake pia, alitaka baba apone na alitaka kuliona, ukingo wake, rangi yake, afike mahali ambapo hakuna aliyefika, lakini haya yenyewe haikai, inayeyuka, kwa sababu ni nani aliyempa hamu hii kama si mzee mwenyewe, ambaye angetoa ng'ombe dume leo hii asimame hapa nyuma ya bega lake atazame skrini dakika tatu tu. Atamwambia na hilo. Atamwambia, linang'aa, baba, nimeliona, linakwenda juu na chini kama kitu kinachofikiri, ukilinyima damu linakuwa jeusi ungeapa limekufa, ukilirudishia linarudi. Lakini hayo baadaye, hayo akiwa ameketi. Kwanza atasimama. Atasema, baba, nilisoma vibaya, mimi nasoma maini ya waliokufa, miaka kumi na minane sijasoma jingine, la kwako liko hai na sijaliona, habari zake sizijui. Na kama baada ya hapo atakataa, atakataa kwa neno lake, si kwa neno la binti yake.

"Linapumua," anasema mdomo wake, kwa sauti, kama anamwambia karani.

"Nani?" anauliza daktari bila kugeuka.

"Hili. Ini."

"Ini halipumui, Scola, hiyo ni mashine ya Goodhope inasukuma kiwambo."

"Najua, daktari. Naona tu."

"Dakika kumi na tatu," anasema Goodhope, na kwa kuwa damu imekauka na presha iko sawa, moyo umemrudia na rosti imemrudia, "da' Scola, wewe nikuagizie nini pale stendi, na wewe maini? Tangu alfajiri hujatia kitu mdomoni, nimekuona, hata chai umeikataa." Ni kweli, aliikataa kwa haraka ya kuwahi nguruwe, hata hakuwaza, na sasa anahesabu, hii saa sita, mpaka wamfunge Namba Saba ni saa saba na nusu, mpaka azinduke asimame kwa miguu yake ni saa tisa, hapo kuna gari la Kilosa, atashuka njia panda, na kutoka njia panda kuna bodaboda za kutosha, ila hatapanda, ile sehemu atatembea.

"Mimi sili," anasema.

"Umefunga?"

"Nina safari ya Tindiga."

Goodhope anangoja aelezwe kula na safari vinagombana wapi, haelezwi, daktari anasema "katikati, Scola," kwa mazoea tu, na Scolastica anajibu liko katikati, daktari, na liko katikati.